Dereva wa Sauti

Kompyuta ya zamani ikiwashwa hutoa harufu ya vumbi linalopata moto. Ni harufu ya kazi yangu, naisikia karibu kila wiki na hainishtui. Lakini mwezi uliopita dada yangu, Sista Devota, aliingia kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Ngara mjini, akafungua kitenge na kuweka mezani laptop nene ya kijivu. Nilipoiwasha, harufu ile ilikuja na vitu viwili zaidi: moshi wa kuni na dawa ya nondo. Moshi ulikuwa wa nyumbani kwetu Kirushya. Dawa ya nondo ilikuwa ya sanduku la kitawa. Nikajikuta nimeshika ukingo wa meza na roho inaniuma, mtu mzima mwenye watoto wawili, kwa wivu wa mtoto wa miaka tisa.

"Imepigwa windo kule Biharamulo," Devota alisema. "Fundi alisema ya zamani ilikuwa nzito. Sasa ni nyepesi kweli, ila haina sauti."

Shida hiyo naletewa kila siku. Mtu anapigiwa windo, yaani anawekewa mfumo mpya wa Windows, mashine inakuwa mpya, picha safi, lakini ukipiga muziki kimya. Naitengeneza huku nikiongea na simu. Hii sikuigusa mara moja. Shida ile ile, juu ya mashine ile ile, niliwahi kuisikia nikiwa nimesimama nyuma ya mlango wa sebule yetu nikiwa nimeficha kitu tumboni, chini ya sweta la shule.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya kigango. Katika kazi zote mbili adui yake alikuwa mmoja, nao ni ulimi wetu. Kwetu tunazaliwa na Kihangaza mdomoni, na kwetu l na r ni watoto wa tumbo moja. Mtu akisema anakwenda kurara, hakuna anayegeuka. Baba aligeuka. Aliweza kumsimamisha mzee anayeomba maji ya kunywa ili kwanza aseme "glasi" vizuri. Nyumbani tulikuwa watoto wawili tu, na mmoja alimfurahisha. Devota, aliyenizidi miaka mitatu, alitamka kila l mahali pake na kila r mahali pake, na juu ya hayo Mungu alimpa sauti. Mimi nilipewa r peke yake.

Ile laptop ilikuja kwetu wakati ofisi moja ya mambo ya wakimbizi ilipofunga virago. Vitu vyao viligawiwa kwa waliowahi kuwasaidia. Wengine walipata viti, wengine maturubai, na baba, aliyekuwa akiwafundisha watu wao Kiswahili jioni, akapata laptop, spika mbili ndogo na mfuko wa nyaya. Aliifunga kwenye betri ya gari iliyochajiwa na paneli moja ya sola juu ya bati. Ninyi wa rika langu mnajua maana ya kuwa nyumba ya kwanza yenye kompyuta kijijini. Watu walikuja kuitazama ikiwa imezimwa.

Baba alikuwa ametunga wimbo. Ulianza hivi: "Lala moyo wangu, lala kwa Bwana, kwake kuna mahali pa kulala." Nadhani alizijaza zile l kwa makusudi, ili tukiweza wimbo ule tuweze na mengine yote. Siku ya kuurekodi tulipangwa kanisani, Devota mbele peke yake, sisi wadogo mstari wa pili wa kuitikia. Laptop iliwekwa juu ya kiti. Baba alibonyeza, akainua mkono, nami nikatoa sauti kwa moyo wangu wote kabla ya wengine: "Rara moyo wangu."

Baba alisema, "Jovina, nyamaza kwanza." Alisema na maneno mengine ambayo sikuyasikia, kwa sababu watoto wote walikuwa wanacheka na masikio yangu yalikuwa yamepata moto. Kisha kwaya ikaanza upya bila mimi. Mashine lakini ilikuwa imeshaanza kurekodi, na baba hakujua namna ya kukata mwanzo. Basi wimbo ukabaki hivyo. Ukiupiga, kwanza unasikia baba akininyamazisha, halafu kicheko, halafu Devota dakika nne.

Kila siku baba alipotoka shule na kumaliza shughuli za migomba, alikaa, akawasha, akapiga wimbo ule. Wageni wakija walipigiwa. Katekista alipigiwa, bwana shamba alipigiwa. Na kila mara, sauti ikisema tu "Jovina, nya...," sebule nzima iliangua kicheko na kunitazama, nami nilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa na mahali pangu nyuma ya jiko, kwenye mgomba ulioegemea ukuta. Nilikuwa nauchuna yale maganda makavu mpaka wimbo uishe. Dakika nne nzima za Devota, na zangu sekunde mbili, tena za kunyamazishwa.

Nilimwonea wivu, sina namna nyingine ya kulisema. Nilimwonea wivu wa shingo yake, wa gauni jeupe la kwaya lililoshonwa kwa kipimo chake wakati langu lilikuwa lake la zamani, wa namna baba alivyofumba macho Devota alipoimba. Mama alikuwa na msemo wake, akimwangalia Devota akisuka au akipepeta maharage: "Chanda chema huvikwa pete." Nikitoka hapo nilikuwa navitazama vidole vyangu. Sikuona vina kasoro gani.

Ndipo masista wa Biharamulo walipomchukua Devota kwenye shule yao ya bweni. Alinunuliwa sanduku la bati, godoro, ndoo yenye mfuniko na sabuni za kunukia. Nililalia lile godoro usiku mmoja kabla halijafungwa kamba, ili nami niwe nimelalia kitu kipya. Siku alipoondoka mama alilia, baba akasafisha miwani. Mimi nilihesabu kwamba sasa nyumba ni yangu. Nilirithi jembe lake, madumu yake ya maji na zamu yake ya kuosha vyombo. Jioni baba alikaa, akawasha, na Devota akaimba kama hajakwenda popote.

Katika ule mfuko wa nyaya kulikuwa na sidii moja, na sidii hiyo nilikuwa nimeichukua tangu siku za mwanzo. Si wizi mkubwa. Nilitaka kioo. Kioo cha nyumbani kilitundikwa juu kwa kimo cha baba cha kunyolea ndevu. Nilikuwa naishika ile sidii nyuma ya jiko, wimbo ukiendelea ndani, nafungua mdomo kadiri ya sauti ya Devota, nafunga naye, nafumbua naye. Katika lile duara linalong'aa aliyeimba alikuwa mimi.

Muda ulipopita laptop ikawa nzito. Ukiiwasha unaweza kumenya ndizi za chakula cha mchana kabla haijakuwa tayari. Baba akatangaza mezani: "Jumamosi naipeleka mjini kwa fundi, ikapigwe windo."

Niliacha kutafuna. Windo kwetu darasani lilikuwa mnyama anayewindwa, na kupigwa nilikujua vizuri. Baba alikuwa na fimbo shuleni, na hakuwahi kuiweka chini kwa sababu tu mtoto ni wake. Nilidhani laptop imekosa kwa uvivu, na sasa inapelekwa kwa mtu wa kuipiga kama windo porini. Niliihurumia kidogo. Lakini ndani yake alikuwamo Devota, kwa hiyo sikuihurumia sana.

Ilirudi Jumamosi jioni. Mama Adera, jirani yetu, alikuwa amekuja kuomba moto, akabaki ili ausikie wimbo. Baba akafunga nyaya, akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta ile mistari ya rangi inayofuata muziki ilipanda na kushuka kama kawaida. Sauti haikutoka. Baba akabonyeza tena. Akachomoa spika, akachomeka, akapuliza tundu la waya, akaiweka spika moja sikioni.

"Hii ya kulia hailii," alisema.

"Imekataa kuria?" Mama Adera aliuliza. "Na imetoka kupigwa?"

"Spika ya mkono wa kulia, mama. Kulia. Hata ya kushoto hailii."

"Mashine iriyopigwa na isirie," Mama Adera alisema akitikisa kichwa, "hiyo ina roho ngumu, mwarimu."

Kwa mara ya kwanza baba hakumsahihisha mtu. Mimi nyuma ya mlango nilielewa kila kitu. Walimpiga, naye amenuna. Nilijua kununa huko. Mimi nami nikichapwa sikutoa sauti, ili aliyenichapa asipate faida. Baba alipotoka niliikagua laptop nione alama za fimbo. Sikuziona. Niliipapasa mgongoni na kuiambia ikaze hivyo hivyo. Nilifurahi, na furaha hiyo naikumbuka vizuri kuliko sikukuu nyingi.

Juma lililofuata baba alirudi tena mjini, akaja na habari. Fundi alikuwa amesema neno la kwake, draiva, lakini baba hakuvumilia maneno ya nusu Kiswahili nusu Kizungu ndani ya nyumba yake. Alitutafsiria: "Fundi anasema dereva wa sauti hayupo."

Hapo nilielewa zaidi. Mdogo wake baba alikuwa dereva wa malori ya kuvuka Rusumo, na maisha yetu yote tulizoea madereva kutokuwapo. Baba mdogo akikosa kwenye ubatizo, tuliambiwa yuko mpakani, karatasi hazijakamilika. Nikaona kumbe sauti ya Devota nayo hupandishwa garini ikaletwa, na dereva wake amekwama Rusumo katika foleni, anapika ugali chini ya lori. Niliomba karatasi zisikamilike.

"Mbona usimwombe huyo fundi akupigie wimbo kwenye mashine yake?" mama aliuliza.

"Nikamsikilize mwanangu dukani kwa watu?" baba alisema. "Hapana. Anasema dereva yumo kwenye ile sidii iliyokuja na laptop. Intaneti yake ni dhaifu, hawezi kumvuta huko. Sidii ikipatikana, kazi ni ya dakika kumi."

Nilikwenda nyuma ya jiko mbio, nikaitoa sidii kwenye maganda ya mgomba nilikoificha. Niliitazama kwa makini nimwone huyo dereva. Nikaigeuza upande wa maandishi, hakuna mtu. Nikaigeuza upande wa kung'aa, nikamwona: msichana mwenye meno ya mbele yaliyopishana, mwenye jasho puani. Basi dereva alikuwa mimi. Na mimi nikaamua siendi.

Nyumba ilipekuliwa kwa siku nyingi. Magodoro yaligeuzwa, gunia la maharage lilimwagwa na kuzolewa upya. Mama, akikung'uta nguo moja moja, alisema kwa utani, "Kikulacho ki nguoni mwako," nami nilikuwa nimesimama mbele yake, sidii imebanwa tumboni chini ya sweta, baridi yake inanipanda mpaka kifuani.

"Jovina, hujaiona ile sidii?" baba aliuliza.

"Sijaiona, baba."

Aliniangalia kidogo, akaenda kutafuta kwingine. Nilitaka aniangalie zaidi ya hapo.

Barua ya Devota ilikuja kupitia kwa paroko. Aliandika kwa mwandiko wa kulala, wa masista, kwamba hajambo, kwamba chakula ni ugali wa mahindi badala ya ndizi, kwamba usiku analia. Mwishoni aliuliza: "Je, bado mnausikiliza wimbo?" Baba alikaa na barua ile siku mbili. Nilimchungulia alipojibu. Yeye aliyekuwa akituchapa tukisema uongo aliandika kwa wino wa bluu: "Tunausikiliza kila siku."

Siku chache baadaye nilirudi na dumu la maji mchana, mama akiwa shambani. Nilipopita dirishani nikamwona baba peke yake mbele ya laptop. Ilikuwa imewashwa. Mistari ya rangi ilipanda na kushuka, na hakuna kilichosikika ila kuku. Mwanzoni kabisa baba aliweka kidole mdomoni, akatabasamu, akatikisa kichwa. Kisha akainua mkono, akaanza kuongoza kwaya. Aliufuata wimbo mzima kwa macho, mkono ukipanda mistari ikipanda, midomo ikitembea. Dakika nne. Mahali pale ambapo Devota hupanda juu, baba alifumba macho hata mistari asiione.

Nilisimama na dumu kichwani. Mnaweza kudhani nilimhurumia. Huruma ilikuja baadaye sana. Siku ile ulikuja wivu. Nilimnyang'anya Devota sauti nzima, na bado baba alimsikia. Mimi niliyekuwa hai, nimelowa maji mabegani, hatua tatu kutoka pale, kilichonipata ni kile kidole mdomoni. Hata kwenye kimya alininyamazisha. Nikaona sidii haina faida kwangu. Nimemfunga dereva bure.

Niliingia, nikaiweka mezani mbele yake. Ilikuwa imekwaruzika, maana kuna siku kwa hasira nilijikwaruza uso wangu humo kwa msumari.

"Nimeiokota," nilisema.

"Wapi?"

"Kitandani kwangu."

Baba aliigeuza upande huu na huu. Niligeuka nusu ili fimbo inikute mgongoni. Akasema, "Kesho Jumamosi. Jiandae, twende mjini mimi na wewe."

Sikuwahi kwenda popote na baba peke yangu. Nilikaa nyuma ya baiskeli, laptop nimeipakata, na kwenye miinuko tulishuka tukatembea. Hakuniuliza kitu njia nzima.

Fundi alikuwa mwanamke, na hilo pekee lilinishangaza kuliko mji. Aliitwa Mwanaidi, binti wa familia ya wenye duka la vitambaa, watu ambao wazee wao walikuja na biashara kutoka pwani. Alikuwa na meza yake ndani ya duka la baba yake, kati ya majora ya vitenge, na alivaa mtandio wa rangi ya machungwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tumempata dereva."

"Shikamoo, dada," nilisema.

"Marahaba, hujambo mama?" Aliishika sidii, akaielekeza kwenye mwanga. "Lahaula. Nani kamkwaruza hivi?"

Nilitazama chini. Baba alisema, "Panya."

Mwanaidi aliniangalia mimi, akaangalia kucha zangu. "Panya wa Kirushya wana kucha ndefu, mwalimu," alisema. Alitoa dawa ya meno kwenye droo, akaipaka sidii, akaisugua polepole kwa pamba kutoka katikati kwenda nje. Akaisuuza, akaikausha kwa ncha ya mtandio. Mara ya kwanza mashine iliitema. Akaisugua tena. Mara ya tatu ikaanza kuizungusha ndani na kuunguruma.

"Njoo uone," aliniita. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ndefu, na mahali pamoja palikuwa na alama ya njano. "Hii alama inasema hapa pana kiti, lakini hakijakaliwa. Mashine ina spika, ina nyaya, ina kila kitu, ila hakuna wa kuipeleka sauti kwenye spika. Sasa tunamkalisha. Bonyeza hapa."

"Mimi?"

"Kwani nani kamleta?"

Nilibonyeza. Tulingoja, mashine ikazima, ikawaka. Ilipowaka ilitoa mlio mfupi wa kengele, na mwenye duka alinyanyua kichwa kutoka kwenye jora. Ile alama ya njano ilikuwa imeondoka. Sijawahi kupasahau pale palipokuwa na alama, na sasa pakawa patupu. Baba aliisogeza laptop karibu, akatafuta wimbo.

"Jovina, nya..."

Wanunuzi waliangua kicheko. Nilikuwa nimeshafika barazani.

Nilisikia Devota akiimba kupitia ukutani, na wivu wangu ulikuwa mzima, haukupungua hata chembe. Mwanaidi alitoka akasimama pembeni yangu. Hakunibembeleza. "Dereva alikuwa kwako siku zote, eh?" alisema. "Basi likizo njoo hapa. Mtu anayejua kuficha sauti anaweza kujifunza kuirudisha."

Nilikwenda likizo ile na nyingine zote, na ndiyo sababu leo nina kibanda. Ningependa kuwaambia kwamba wivu nao uliisha. Devota aliweka nadhiri, na sherehe yake ilikuwa na mabasi mawili. Harusi yangu ilikuwa na moja. Akapelekwa kufundisha upande wa Nyamahanga, na kila mtu wa kigango akinikuta sokoni aliuliza Sista hajambo, kabla hajaniuliza mimi. Baba alipofariki, mwaka juzi, ilikutwa karatasi kwenye daftari lake la mahudhurio: laptop apewe Devota, baiskeli apewe Jovina. Mimi ndiye niliyeitengeneza mashine ile miaka yote, nikaibadilishia betri, nikaishonea mfuko. Niliipokea baiskeli kwa mikono miwili na kucheka na waombolezaji, halafu nikaenda nyuma ya jiko kwenye ule mgomba. Ulikuwa umeshakatwa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwezi uliopita, na Sista Devota amekaa kwenye kiti cha wateja, mlangoni, kwa sababu kibanda changu ni kidogo na kiti kingine hakiingii.

"Nikutolee wimbo kwenye flashi niupige kwenye mashine yangu?" nilimwuliza. "Ni dakika moja."

"Hapana. Nataka usikike humo humo."

Ni baba kabisa, nilisema moyoni. Nikaanza kazi. Sauti haikuwa imezibwa. Spika zilikuwa nzima. Nikafungua ile orodha, na mahali pale pale palikuwa na ile alama ya njano, kiti kisicho na mtu. Mfumo mpya haukumjua dereva wa zamani, na dereva mpya hakuijua mashine ya zamani. Nilijaribu mmoja, akakataa. Nikajaribu wa pili, zikatoka kelele za kukwaruza. Wa tatu nilimvuta kwa jina la kifaa chenyewe, lililochapwa kwa herufi ndogo chini ya betri. Mashine ikazima, ikawaka, ikapiga kengele.

Nilipobonyeza wimbo, miguu yangu ilisimama yenyewe. Mwili haujui kwamba umekua. Lakini mlango ulikuwa umezibwa na kiti, na kwenye kiti alikuwapo Devota.

"Kaa," alisema. "Leo kaa."

"Jovina, nyamaza kwanza," baba alisema. Kicheko cha watoto kikaanza, na chini ya kicheko, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeinama karibu na sikio la mtoto, akaendelea: "Usirie, mwanangu. Wewe utaimba mbere."

Nilirudisha nyuma. Nikaongeza sauti. "Usirie, mwanangu. Wewe utaimba mbere."

Miaka yote ile nilikuwa na "nyamaza", na sikuwahi kuichukua "kwanza" iliyokuwa imeshikana nayo. Na lile neno la mwisho. Aliyesimamisha wazee kwa ajili ya glasi ya maji, akisahau kwamba mashine inamsikia, alikuwa na ulimi kama wangu. Alizaliwa nao. Aliulinda darasani, akaulinda kanisani, na mbele yangu akauachia.

Kwaya ikaanza, Devota wa miaka kumi na miwili akavuta pumzi aimbe. Devota wa sasa alinyoosha mkono akausimamisha wimbo.

"Mimi huishia hapo," alisema. "Hizo dakika nne zangu sizisikilizi. Sijazisikiliza tangu azikwe."

"Kwa nini?"

"Hamna kitu humo. Naimba peke yangu tu. Anaongea na wewe." Alikuwa anakunja na kukunjua kile kitenge. "Hiyo ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo, Jovi, na ndani yake ametaja mtu mmoja. Nimekuonea wivu mpaka nimeungama."

Niliona aibu. Na chini ya aibu, nisidanganye mbele yenu, nilifurahi, kwa kuwa safari hii wivu haukuwa wangu.

"Rudisha mwanzo," Devota alisema. Nikarudisha. Tukasikiliza, na baba alipomaliza, dada yangu aliye na kila l mahali pake alilisema lile neno taratibu, kama mwanafunzi anayesahihishwa ubaoni.

"Mbere," alisema. Kisha akaniuliza kama amelipatia.